Asilimia 15 iliyoizamisha Somerset

Mnamo Novemba 2013, kutoka mji wa Exeter kusini-magharibi mwa Uingereza, mamlaka ya hali ya hewa ya nchi hiyo, Met Office, ilitoa waraka mfupi kwa watu ambao kazi yao ni kujiandaa kwa mabaya: maofisa wa maafa wa halmashauri, wasimamizi wa barabara, reli na mito, na vikosi vya uokoaji. Waraka ulihusu miezi mitatu ya baridi, Desemba hadi Februari, wakati dhoruba za Atlantiki zinapovifikia visiwa vile. Ulisema kuna dalili hafifu kwamba msimu ungekuwa na mvua pungufu. Mvua za misimu iliyopita hupangwa katika mafungu matano yaliyo sawa, kuanzia misimu mikavu kabisa hadi yenye mvua kubwa kabisa. Waraka ulikadiria kwamba uwezekano wa msimu kuangukia fungu la ukavu kabisa ulikuwa karibu asilimia 25. Uwezekano wa kuangukia fungu la mvua kubwa kabisa ulikuwa karibu asilimia 15.

Siku hizohizo baadhi ya magazeti ya London yalikuwa yakiwatisha wasomaji wake kwa theluji ya kuvunja rekodi.

Theluji haikuja, ikaja mvua. Kuanzia katikati ya Desemba dhoruba zilipanga foleni kutoka baharini, na hadi katikati ya Februari zilikuwa zimepita kubwa zisizopungua 12. England na Wales zina kumbukumbu za mvua zinazorudi nyuma hadi mwaka 1766, na katika miaka yote hiyo hapakuwahi kuwa na msimu wa baridi wenye mvua kama ule. Nyanda tambarare za Somerset, ambazo sehemu kubwa iko karibu na usawa wa bahari na hukaushwa kwa mifereji na pampu, ziligeuka ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 60. Kijiji cha Muchelney kikawa kisiwa, na kwa majuma kadhaa wakazi wake walikwenda na kurudi kwa mashua. Katika vijiji vya Thorney na Moorland maji yaliingia majumbani. Usiku wa kuamkia 5 Februari 2014 mawimbi yalibomoa ukuta wa bahari katika mji wa Dawlish, reli ikabaki inaning'inia bila udongo chini yake, na njia kuu ya treni ya kwenda Cornwall ikafungwa hadi Aprili. Mto Thames nao ukapanda kingo na kuingia katika nyumba za watu magharibi mwa London.

Wakulima wa Somerset walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Walilalamika kwamba kwa miaka mingi mito ya Parrett na Tone haikuzolewa tope. Lakini palikuwa na swali jingine lililoelekezwa Exeter: ninyi mliosema kutakuwa kukavu, mna maneno gani?

Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu waraka ule haukusema kutakuwa kukavu. Bila utabiri wowote, kwa bahati tupu, kila fungu kati ya yale matano lina asilimia 20. Watabiri wa Exeter walikuwa wameshusha nafasi ya mvua kubwa kabisa kutoka 20 hadi 15. Hiyo ndiyo habari nzima waliyokuwa nayo: kwamba jambo linalotokea mara moja katika misimu mitano, safari hii huenda likawa na nafasi ya mara moja katika saba hivi. Ni tofauti ndogo mno. Mtu aliyekuwa amejiandaa kwa mafuriko kabla ya kuusoma waraka hakuwa na sababu ya kuacha maandalizi baada ya kuusoma.

Tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo inayokosekana katika mabishano mengi kuhusu utabiri. Chukua halmashauri ambayo kukodi pampu, kuimarisha matuta na kuweka watu wa zamu kutaigharimu fungu 1 la fedha, na mafuriko yakiikuta haijajiandaa itapata hasara ya mafungu 10. Halmashauri hiyo inapaswa kujiandaa kila mara uwezekano wa mafuriko unapozidi asilimia 10. Tukichukulia kwamba fungu la mvua kubwa kabisa ndilo la mafuriko, asilimia 20 inaiambia ijiandae. Asilimia 15 inaiambia ijiandae. Kwa halmashauri yenye hesabu kama hiyo, waraka wa Novemba 2013, ambao wengi waliuita utabiri ulioshindwa, ulitoa ushauri sahihi. Kilichoharibika ni kwamba mtu anaposikia "dalili ya mvua pungufu", tarakimu hudondoka njiani na maneno ndiyo yanayofika.

Ni vema kueleza kwa nini tarakimu zenyewe ni ndogo kiasi hicho, na kwa nini haziwezi kukuzwa sana kwa kuajiri mtaalamu hodari zaidi au kununua kompyuta kubwa zaidi. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Edward Lorenz alikuwa akiendesha modeli ndogo ya hali ya hewa kwenye kompyuta. Akataka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza tarakimu 0.506 badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine. Tofauti hiyo ndogo ilikua, ikakua tena, hadi hali ya hewa ya modeli ikawa kitu kingine kabisa. Makala aliyoichapisha mwaka 1963 ilifungua njia ya kuelewa kwamba hali ya hewa ya siku kwa siku haitabiriki zaidi ya majuma mawili hivi, kwa sababu hakuna anayeweza kuipima anga yote bila kosa hata dogo.

Basi utabiri wa miezi mitatu unawezekanaje? Unawezekana kwa sababu ya bahari. Anga husahau haraka, bahari hukumbuka. Maji ya joto yaliyokusanyika katikati ya Bahari ya Pasifiki hayaondoki kwa juma moja. Yatakuwapo mwezi ujao na huenda mwezi wa tatu, na wakati wote huo yatakuwa yakiipasha anga iliyo juu yake na kusogeza mahali pa mvua na pa upepo. Mtabiri wa msimu hajui siku gani itanyesha. Anajua tu kwamba mizani imelalia upande fulani, na kazi yake ni kukadiria imelala kiasi gani. Kwa hiyo haiendeshi modeli mara moja tu. Kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, huendesha modeli yake ya msimu mara 51 kila mwezi, kila mara kwa kuanzia na vipimo vilivyotofautiana kidogo mno. Kama mara 30 kati ya hizo 51 zinaonyesha mvua nyingi na 21 zinaonyesha vingine, huo ndio utabiri. Zile 21 ni sehemu ya jibu, na mtabiri mwaminifu hazifichi.

Katika ukanda wa tropiki mizani hulala vizuri, kwa kuwa sauti ya bahari inasikika karibu. Uingereza iko mbali na sauti hiyo. Majira yake ya baridi hutegemea zaidi tofauti ya kanieneo ya hewa kati ya Iceland na visiwa vya Azores. Tofauti ikiwa kubwa, upepo wa magharibi hupata nguvu na kuleta hewa yenye unyevu na vuguvugu kutoka Atlantiki. Ikiwa ndogo, baridi kavu ya bara huingia. Kwa miongo mingi wataalamu wengi waliamini kwamba tofauti hiyo haitabiriki kabisa miezi kabla. Mwaka 2014, mwaka uleule wa mafuriko, Adam Scaife na wenzake wa Met Office walichapisha matokeo ya modeli yao mpya yakionyesha kwamba inatabirika kwa kiasi: walipolinganisha utabiri wake na yaliyotokea katika misimu ya baridi 20 hivi, kipimo cha uhusiano kilifika karibu 0.6, ambapo 1 ingekuwa ulinganifu kamili na 0 kutokuwa na uhusiano wowote. Kwa wanaoijua kazi hii, hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Kwa mkulima wa Somerset bado yaliacha nafasi pana ya kushangazwa.

Baadaye ilibainika kwamba chanzo cha msimu ule kilikuwa mbali kuliko Atlantiki. Ripoti ya Met Office na kituo cha utafiti wa maji cha Uingereza, iliyotoka Februari 2014, ilifuatilia nyayo za dhoruba hadi Indonesia na magharibi mwa Pasifiki, ambako mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida. Mvua hizo zilipinda mkondo wa upepo mkali wa juu ulipokuwa ukipita Pasifiki na Amerika Kaskazini; Marekani ikapigwa na baridi kali, na pale baridi ile ilipokutana na joto la Atlantiki dhoruba zikazaliwa kwa mfululizo na kuelekezwa Uingereza. Nina heshima kubwa kwa watu walioweza kuifuata kamba hiyo kutoka Indonesia hadi Somerset. Lakini waliifuata baada ya tukio. Novemba hakuna aliyeweza kuiona yote.

Kuna jambo lingine linalozidisha ugumu. Watafiti walioendesha modeli maelfu ya mara kuhusu Januari ile walichapisha mwaka 2016 hitimisho kwamba kupanda kwa joto la dunia kumeongeza uwezekano wa mvua kubwa kiasi kile kusini mwa England: tukio lililokuwa la mara moja katika miaka 100 sasa ni la mara moja katika miaka 70 hivi. Maana yake, hata ile asilimia 20 ya kuanzia, ile tunayoiita kawaida, haijatulia mahali pamoja. Mafungu yaliyopangwa kwa mvua za mababu yanapimwa kwa anga ya wajukuu.

Sitaki ionekane kwamba watabiri ni wasafi na waandishi na wanasiasa ndio wenye makosa yote. Aprili 2009 Met Office ilitangaza kwamba kulikuwa na uwezekano wa asilimia 65 wa kiangazi chenye joto kuliko wastani. Ingeishia hapo, ingekuwa salama. Lakini tangazo lilinakshiwa kwa ahadi ya kiangazi cha kuchoma nyama nje ya nyumba, na nchi nzima ikalishika neno hilo. Julai ikaja na mvua tele. Kisha msimu wa baridi uliofuata, uliotarajiwa kuwa wa vuguvugu, ukawa wa baridi kali kuliko yote tangu mwaka 1979. Machi 2010 Met Office ikaacha kuwatangazia wananchi utabiri wa msimu. Ule waraka wa 2013 uliandikwa kwa ajili ya wapangaji, ingawa mtu yeyote angeweza kuusoma.

Nadhani uamuzi ule wa 2010 ulitibu ugonjwa usio wenyewe. Wananchi hawakushindwa kuielewa asilimia 65; hawakupewa nafasi ya kuielewa, kwa sababu waliyopewa ni nyama ya kuchoma. Mashabiki wa mpira wa nchi yoyote wanajua kwamba timu kubwa ikikutana na timu ya daraja la chini ina nafasi kubwa ya kushinda, na wanajua pia kwamba siku moja moja inafungwa. Ikifungwa, hakuna anayemwita mchambuzi mwongo. Watu wenye akili ya kupima nafasi namna hiyo wanaweza kuambiwa ukweli kuhusu mvua.

California inatoa funzo la pili, nalo linahusu kumbukumbu. Jimbo lile la Marekani hupata karibu robo tatu ya mvua zake kati ya Novemba na Machi, na hadi nusu ya maji ya mwaka huweza kuletwa na dhoruba chache tu za aina inayoitwa mito ya angani, mikanda mirefu ya unyevu inayotoka Pasifiki. Dhoruba mbili au tatu zikipita kaskazini badala ya kutua, mwaka unakuwa wa ukame. Zikitua, unakuwa wa mafuriko. Hakuna utabiri wa Oktoba unaoweza kujua dhoruba moja ya Februari itatua wapi.

Mwaka 2015 jimbo lilikuwa katika mwaka wa nne wa ukame. Tarehe 1 Aprili Gavana Jerry Brown alisimama kwenye uwanda wa milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo kwa kawaida ya majira yale angesimama juu ya theluji, akatangaza amri ya kupunguza matumizi ya maji mijini kwa asilimia 25. Wakati huo Pasifiki ilikuwa tayari imeanza kupata joto, na El Niño, kama hali hiyo ya joto inavyoitwa, ikaendelea kukua hadi ikawa miongoni mwa tatu kali kabisa zilizopimwa tangu mwaka 1950. Bill Patzert, mtaalamu wa NASA, aliibandika jina la Godzilla. Kila mtu alikumbuka misimu miwili, ule wa 1982-83 na ule wa 1997-98, wakati El Niño kali ilipoletea California mafuriko. Katikati ya Los Angeles msimu wa 1997-98 ulipata milimita 788, zaidi ya mara mbili ya wastani. Ramani za NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, zilionyesha kwamba kusini mwa California mvua juu ya kawaida ilikuwa na nafasi kubwa kuliko matokeo mengine. Watu walinunua bima za mafuriko, wakatengeneza mapaa, wakasubiri.

Los Angeles ilipata chini ya milimita 250. Dhoruba zilikwenda kaskazini, hadi jimbo la Washington ambako ramani zilikuwa zimeegemea ukavu kidogo, na mji wa Seattle ukapata mvua za kukumbukwa. Wanasayansi wameandika sababu kadhaa zinazoweza kueleza kilichotokea: mahali yalipokuwa maji ya joto zaidi, upana wa ukanda wa joto, na bahati ya anga yenyewe. Kinachonishughulisha zaidi ni kile ambacho watu walikuwa wamekigeuza sheria. "El Niño kali huleta mafuriko California" ilikuwa kauli iliyosimama juu ya misimu miwili. Kumbukumbu za kuaminika za joto la Pasifiki zinaanzia takriban mwaka 1950, na El Niño kali kabisa ndani yake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu akirusha sarafu mara mbili na zote zikaangukia upande mmoja, bado hajajifunza chochote kuhusu sarafu.

Mwaka uliofuata, wakati Pasifiki ilikuwa imepoa kidogo na hapakuwa na jina la kutisha magazetini, kaskazini mwa milima ya Sierra kulipata mvua nyingi kuliko mwaka wowote uliopimwa. Tarehe 12 Februari 2017 zaidi ya watu 180,000 waliamriwa kuhama makwao chini ya bwawa la Oroville, bwawa refu kuliko yote Marekani, baada ya njia zake za kumwagia maji ya ziada kumomonyoka. Tena Oktoba 2022, baada ya miaka mitatu iliyokuwa mikavu kuliko mingine yoyote mitatu ya mfululizo, ramani za NOAA ziliegemea ukavu kwa kusini mwa California, kwa kuwa La Niña, yaani hali ya kupoa kwa Pasifiki, ilikuwa ikiingia msimu wa tatu. Kati ya 26 Desemba na 17 Januari mito ya angani tisa ilitua. Machi tuta la mto lilipasuka na kukizamisha kijiji cha Pajaro, makazi ya vibarua wa mashamba ya stroberi. Ziwa Tulare, lililokaushwa zamani kwa ajili ya kilimo, lilirudi na kufunika mashamba ya pamba na nyanya. Kufikia mwanzo wa Aprili theluji ya milimani ilikuwa asilimia 237 ya wastani.

Msomaji anaweza kusema: kama ni hivyo, utabiri wa msimu hauna kazi. Sivyo, na nina ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa takwimu. Utabiri wa nafasi haupimwi kwa msimu mmoja. Hupimwa kwa kukusanya mara zote mtabiri aliposema asilimia 15 na kuangalia kama jambo lilitokea takriban mara 15 katika kila 100. Kama lisingetokea kamwe, hapo ndipo tungesema mtabiri anakosea, kwa kuwa asilimia 15 yake ingekuwa ya uongo. Mafuriko ya Somerset, kwa kipimo hicho, ni moja ya zile mara zilizopaswa kuja siku moja.

Ushahidi wa pili ni wa bwawa la Lake Mendocino, kaskazini mwa California, kwenye mto Russian. Bwawa hilo liliendeshwa kwa kitabu cha kanuni kilichoandikwa katika miaka ya 1950: majira ya baridi, maji yakizidi kiwango fulani, yafunguliwe ili kuacha nafasi ya mafuriko. Desemba 2012 dhoruba ililijaza, na wahandisi wa jeshi wakayafungulia maji kama kitabu kilivyoagiza. Baada ya hapo mvua ikakatika. Mwaka 2013 ukawa mkavu kuliko wowote katika kumbukumbu za jimbo, na bwawa likapungua hadi matope yake kupasuka nyufa. Wataalamu wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari, pamoja na wahandisi hao na wasimamizi wa maji wa Sonoma, wakajenga utaratibu mpya: kanuni inabaki, lakini msimamizi anaangalia utabiri wa siku chache zijazo, ambao unaaminika, na akiona hakuna mto wa angani unaokuja anaruhusiwa kubakiza maji. Msimu wa 2020, ambao nao ulikuwa mkavu, utaratibu huo uliokoa zaidi ya mita za ujazo milioni 13. Angalia walichofanya. Hawakuuomba utabiri wa msimu kitu usichoweza kutoa. Uamuzi wa miezi waliupangia kwa tahadhari ya pande zote mbili, na uamuzi wa siku wakauachia utabiri wa siku.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatuna majira ya baridi yenye mvua, lakini tuna vuli, na vuli husikiliza bahari zilezile. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe na Mashariki ya Afrika hukutana kabla ya kila msimu, siku hizi chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hiyo, chenye makao karibu na Nairobi, na kutoa ramani zenye nafasi za mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Ramani hizo ni kazi nzuri. Vuli yetu kwa hakika ni miongoni mwa misimu inayotabirika vizuri zaidi duniani, kwa kuwa Pasifiki na Bahari ya Hindi huisukuma waziwazi.

Hata hivyo nasi tumefanya kama California. Vuli ya 1997 iliharibu barabara, madaraja na mifugo kutoka Somalia hadi Tanzania, na tangu hapo neno El Niño likawa jina la mafuriko kwa Kiswahili cha kila siku. Mwaka 2015, El Niño ile ile ya Godzilla ilipotangazwa, Kenya ilijiandaa kwa marudio ya 1997. Mvua zilikuja na katika maeneo mengi zilizidi wastani, lakini hazikuwa kama zile, na kwa wengi utabiri ukaonekana umedanganya. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutajwa, na vuli ikawa ya mafuriko, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kupita kiasi huku upande wa Indonesia ukipoa. Ndipo ikaja 2023. Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, El Niño ya maafa iliyohofiwa haingekuwapo, bali mvua kubwa za kawaida. Kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo na kuwatoa maelfu kwa maelfu katika makazi yao. Sidhani kama tofauti kati ya "El Niño" na "mvua kubwa" ilimsaidia mtu yeyote wa Garissa au Mandera aliyepaswa kuamua kama ahame bondeni. Iliyomhusu ni nafasi ya maji kufika mlangoni kwake, na hiyo hakuambiwa.

Upande wa Tanzania tunaijua kauli ambayo kila mwaka hutua magazetini: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Ipime kauli hiyo. Inameza mafungu mawili kati ya matatu, kwa hiyo hata asiyejua lolote akiitoa atapatia mara nyingi kuliko kukosea. Wakati huohuo inamnyima mkulima wa Same au Korogwe kitu kimoja anachokihitaji ili achague kati ya mahindi ya muda mfupi na ya muda mrefu: fungu la chini ya wastani limebakiwa na nafasi gani? Kama ni asilimia 10, achague namna moja. Kama ni asilimia 30, achague nyingine. Tarakimu hiyo huwapo kwenye meza za wataalamu wanapokutana. Inapotea kati ya mkutano na redio.

Na wanaoipoteza ni pamoja na sisi wa vyumba vya habari. Tunapokea jedwali la nafasi na kulitafuta neno moja la kichwa cha habari. Jedwali lenye 45, 35 na 20 linakuwa "Mvua kubwa yaja". Msimu ukiangukia ile 20, tunarudi na kichwa kingine: "Utabiri wakosea". Mara zote mbili tumemwibia msomaji.

Ombi langu kwa mamlaka za hali ya hewa za kanda hii ni kwamba taarifa ya msimu itoke na asilimia zote tatu kwa kila wilaya, kwa Kiswahili, na kila mwisho wa msimu itoke taarifa nyingine inayoonyesha kilichotokea kikilinganishwa na asilimia zilizotolewa, mwaka hadi mwaka, ili watu wajue zinaaminika kiasi gani. Kwa wahariri wenzangu: tuzichapishe zote tatu, ndogo ikiwa na ukubwa wa herufi sawa na kubwa. Na kwa wewe unayelima, unayejenga karibu na mto, au unayesimamia fedha za maafa za halmashauri, vuli ijayo utakapotangaziwa mwelekeo wa mvua, mpigie simu ofisa wa hali ya hewa au bwana shamba wako na umuulize swali moja: upande wa pili una asilimia ngapi?